Amependeza: Jinsi ya Kulisema kwa Kifaransa cha Heshima

Kama umewahi kupokea kadi ya harusi, basi Kifaransa umeshakishika mkononi. Zile herufi R.S.V.P. zinazokaa juu ya namba za simu za wanakamati ni kifupi cha répondez s'il vous plaît, yaani "tafadhali jibu". Kadi inayosema "Tafadhali RSVP" imekuomba mara mbili. Duka la nguo unaloliita butiki, na saluni unakosukwa nywele, asili yake ni huko huko: boutique, salon. Maneno hayo yalitufikia kwa mlango wa Kiingereza, tukayavalisha irabu zetu, yakawa ya nyumbani.

Shida huanza siku unapohitaji zaidi ya hapo. Umeposa Bujumbura, mama mkwe mtarajiwa anatokea sebuleni amevaa imvutano yake safi, lile vazi la heshima la akina mama wa Burundi, na neno pekee unalolikumbuka ni jolie, ambalo ni zuri lakini jepesi, la kumwambia binti mdogo. Au unafanya kazi ya mapokezi hotelini Zanzibar, na mgeni wa makamo anashuka ngazi tayari kwa chakula cha jioni. Utasema nini kisichopungua wala kuzidi?

Kwanza, usitafsiri "umependeza" neno kwa neno. Sisi tunatumia kitenzi: umependeza, umetoka, umewaka. Mfaransa husema mtu yukoje. Sentensi itakayokufaa karibu kila mahali ni hii: Vous êtes très élégante, Madame. Kwa mwanamume: Vous êtes très élégant, Monsieur. Ukiishika hiyo moja tu, na ukafunga ukurasa huu hapa, hujapoteza muda wako.

Kwa nini vous na si tu? Kwa sababu tu ni "wewe" wa rafiki, mtoto na ndugu wa rika lako, na vous ni "wewe" wa heshima. Chukulia vous kama shikamoo: mkubwa unampa, mgeni usiyemjua unampa, bosi unampa. Wa kukuruhusu uiache ni yeye, si wewe. Na lile Madame au Monsieur la mwisho usilidondoshe. Sifa isiyo nalo, ikitoka kwa mtu asiyejulikana, inaweza kusikika kama maneno ya kijiweni.

Matamshi yasikutishe. Élégant la mwanamume huishia na a inayopitia puani, na t haisikiki kabisa. Élégante la mwanamke, t inasikika. Kwa hiyo herufi moja iliyoongezwa mwishoni ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba unamsema mama au baba. R ya Kifaransa hutoka kooni. Ukitamka gh ya ghali umeikaribia sana, na aliyepita chuo cha Kurani akasoma na mwalimu mkali ana faida kubwa hapa. Gn ni ny yetu ya nyanya. Soigné, kwa mfano, ni "swanye".

Sasa, maneno ni mengi, nichague lipi? Élégant lenyewe linatoka kwenye Kilatini, katika ukoo mmoja na neno la "kuchagua". Mtu élégant ni yule aliyechagua vizuri: rangi, kitambaa, hata cha kuacha kabatini. Kwetu ni maridadi, au mtanashati kwa upande wa wanaume. Chic (tamka "shik") ni jirani yake, lakini lina wepesi kidogo na harufu ya mji. Unaweza kulisema juu ya koti, mgahawa au mtu. Halibadiliki kwa mwanamke wala mwanamume: une robe chic, un costume chic. Liweke baada ya nomino. Ukilitanguliza maana inageuka: un chic type ni mtu mwema, mwenye moyo wa kusaidia, hata kama shati lake limechanika.

Soigné ni nadhifu. Linatokana na kitenzi soigner, kutunza, ambacho ndicho hicho hicho anachotumia muuguzi kwa mgonjwa wake. Kucha zilizokatwa, viatu vilivyopigwa rangi, kola isiyo na mkunjo: hiyo ni une tenue soignée, mavazi yaliyotunzwa. Ukisoma tangazo la kazi la Kifaransa likataka présentation soignée, hawakuombi suti ya gharama. Wanaomba pasi na sabuni.

Raffiné, ambalo kwa koo letu litakuwa kama "ghafine", limetoka kiwandani. Kusafisha sukari au mafuta ghafi ni raffiner, na kiwanda cha kusafishia mafuta huitwa raffinerie. Kwa hiyo kitu raffiné kimepitishwa mara nyingi hadi takataka zote zimekwisha. Ndiyo maana linapendeza zaidi juu ya mambo yanayohitaji muda: une cuisine raffinée, mapishi ya ustadi, des manières raffinées, mwenendo uliolelewa, un goût raffiné, uwezo wa kutambua kizuri.

Lililobaki ndilo ninalolipenda kuliko yote, distingué. Maana yake ya ndani ni "aliyetofautishwa na wengine", nami naona linaegemea pale pale lilipo neno letu muungwana. Halihitaji nguo mpya. Mzee wa Mji Mkongwe aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, anayeitikia salamu bila haraka na kukupisha njia uchochoroni, ni un monsieur très distingué, hata kama kanzu hiyo ina miaka kumi. Kijana aliyevaa saa tatu za dhahabu anaweza kuwa vyote, lakini si hilo. Kifaransa cha heshima kinapenda kiasi. Sifa kubwa kabisa ya vazi ni une élégance sobre, umaridadi uliotulia, usiopiga kelele. Sisi wa pwani, tunaopenda kumeremeta kidogo, inabidi tukumbuke hilo tunapopima uzito wa maneno.

Kama unataka kusifu nguo badala ya mtu, sema: Cette robe vous va à ravir. Gauni hili limekukaa hata linaduwaza. À ravir unaweza kuibadilisha na à merveille, ambayo ni "kwa namna ya ajabu". Kuna pia vous sied à merveille, kitenzi cha kale ambacho leo husikika zaidi vitabuni. Kitumie kwenye hotuba ya harusi, si kwenye lifti. Mtu aliyejipanga kuanzia utosi hadi kisigino husemwa ni tiré à quatre épingles, "amevutwa kwa pini nne", kama kitambaa kilichobanwa pembe zote kisipate hata kunyanzi. Na aliyetoa nguo zake za siku kuu ni sur son trente-et-un, yuko kwenye thelathini na moja yake. Wenyewe hawakubaliani hiyo 31 ilitoka wapi.

Hapa ndipo penye mashimo. Sisi tukisema fulani kavaa nguo za Jumapili, tumemsifu. Kifaransa kina neno linalofanana, endimanché, lakini mara nyingi linamchora mtu asiyestarehe ndani ya nguo asizozizoea, kola inamkaba, viatu vinambana. Usimwambie mtu hivyo. Un homme galant ni mwanamume mwenye adabu kwa wanawake, anayefungua mlango na kuvuta kiti. Lakini une femme galante, kwa matumizi ya kale ambayo bado yanakumbukwa, ni mwanamke wa kununuliwa. Précieux likisemwa juu ya mtu na mazungumzo yake huashiria madaha yaliyozidi, na Molière aliwacheka watu wa namna hiyo jukwaani tangu 1659 katika Les Précieuses ridicules. Halafu kuna avoir du chien, ambayo ukiitafsiri utasema dada wa watu "ana mbwa". Kwao ni sifa ya mwanamke mwenye mvuto. Hata hivyo ni ya mazungumzo ya marafiki, si ya ukweni.

Na sape je? Wapenzi wa muziki wa Kongo wamelisikia. Sape ni neno la mitaani la nguo, na se saper ni kuvaa ukavaa kweli. Vijana wa Brazzaville, hasa mtaa wa Bacongo, na wenzao wa Kinshasa ng'ambo ya mto, waliligeuza kuwa kifupi: Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, chama cha wachangamsha mji na watu maridadi. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki 2016, alilipeleka jina hilo mbali. Sapeur, yaani mfuasi wa sape, hujivunia suti ya rangi kali, lakini ana sheria zake pia, na inayojulikana zaidi ni kutozidisha rangi tatu mwilini. Ona kwamba kwenye jina rasmi la chama walichagua élégantes. Nawe fanya hivyo: sape kwenye baraza, élégance kwenye barua.

Tukija kwenye mialiko, soma kadi mpaka mstari wa mwisho. Tenue de ville ni suti na tai kwa mwanamume, gauni la heshima lisilo la usiku kwa mwanamke. Tenue correcte exigée ni onyo tu: kandambili na kaptula zibaki nyumbani. Tenue de soirée ni mavazi rasmi ya usiku. Na Cravate noire, ambayo kwa maneno ni "tai nyeusi", usiifuate kama ilivyoandikwa. Niliwahi kwenda kwenye hafla moja na suti ya kijivu na tai nyeusi ndefu, nikidhani nimetii. Wanaume wote ukumbini walikuwa na tai za kipepeo na makoti meusi yenye kola za hariri. Ndivyo kadi ilivyotaka: le smoking, suti rasmi ya usiku. Mhudumu mmoja aliniuliza kwa upole kama mimi ni wa upande wa muziki.

Ukimsifia mtu kwa nguo aliyoshonewa, usikimbilie haute couture. Ufaransa jina hilo linalindwa kisheria tangu 1945; nyumba za mitindo zinazoruhusiwa kulitumia huidhinishwa kwa orodha, na lazima ziwe na karakana Paris. Fundi wako wa Kariakoo, hata awe na mkono wa malaika, hayumo. Kazi yake ina jina zuri la kweli: sur mesure, iliyoshonwa kwa vipimo vya mwenyewe. Nguo ya dukani iliyo tayari ni prêt-à-porter, na mtumba ni friperie. Une robe sur mesure, très élégante: hapo fundi na mvaaji wote wamepata haki yao.

Kwenye barua rasmi, iwe ya kuomba kazi au viza, distingué hurudi mwishoni kabla ya sahihi: Veuillez agréer, Madame, Monsieur, mes salutations distinguées. Ni sawa na "wako mtiifu" wa barua zetu. Kama ulianza na Monsieur le Directeur, basi hapo katikati rudia Monsieur le Directeur vile vile. Ukipenda ndefu zaidi, andika l'expression de mes sentiments distingués, lakini usichanganye ukaandika l'expression de mes salutations. Hisia ndizo zinazoelezwa. Salamu hutolewa tu. Wasomaji wakali hulikagua hilo.

Kujifunza kwenyewe hakuhitaji pesa nyingi. Kamusi ya Académie française inasomwa bure kwenye intaneti, na pia ile ya tovuti ya CNRTL, inayoonyesha asili ya maneno. RFI na TV5MONDE wana masomo ya bure yenye sauti. Gharama yake ni bando tu. Ukitaka mwalimu wa kukusahihisha r yako, Alliance Française zipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Ada hutofautiana kwa mji na kwa muhula, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kitabu kimo ndani ya ada hiyo, na je, kuna jaribio la kukupangia darasa? Mwenye kuhitaji cheti atafanya mtihani wa DELF, unaolipiwa peke yake, na cheti chake ukishakipata hakiishi muda. Lakini kwa haya tuliyozungumza leo, jioni chache za kusikiliza na kurudia kwa sauti mbele ya kioo zinatosha.

Limebaki moja: ukisifiwa wewe, ujibu nini? Kwetu ungesema "asante, nawe pia". Mfaransa wa adabu huipokea sifa kwa kuirudisha kwenye wema wa aliyeitoa: Vous êtes bien aimable, Madame. Wewe ndiye mkarimu. Kisha unamwachia yeye zamu ya kuzungumza.