Mgonjwa wa Mgongo Anapomtafuta Daktari Mpya

Maumivu ya mgongo yakidumu zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Tofauti baina ya maumivu sugu na maumivu mapya si ya urefu wa muda peke yake. Mtu aliyeumia kiuno jana kwa kuinua gunia la mahindi ana jeraha, na maumivu yake ni kama kengele inayomwonya asilitonese. Yule aliyeumwa kwa miaka sita aghalabu hana tena jeraha la kuonyesha. Kengele yenyewe ndiyo iliyozoea kulia. Neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu, pamoja na ubongo, zimekuwa nyepesi mno kupokea na kupitisha habari za maumivu. Jambo hili halina maana kwamba mgonjwa anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli, lakini chanzo chake hakionekani kwa urahisi kama mfupa uliovunjika.

Hufika siku mgonjwa wa namna hii akalazimika kumtafuta daktari mpya. Huenda ni mwalimu aliyehamishwa kikazi kutoka Songea kwenda Shinyanga. Huenda daktari wake amestaafu. Au amechoka kupewa vidonge vile vile kila mwezi, na anaona kuwa hasikilizwi. Watu wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni la bahati, au la kuulizana mtaani ni nani mwenye mkono mzuri. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba ndani yake mna maswali ya kisayansi kabisa. Kwanza, ni ushahidi gani unaofaa kumpelekea daktari mpya? Pili, mgonjwa atajuaje kama daktari huyo amemsaidia? Swali la pili ni gumu kuliko linavyoonekana.

PICHA NA MAUMIVU

Wanafunzi wa biolojia wanajua kwamba uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Baina ya nyingi za pingili hizo mna visahani vya gegedu, laini katikati na vigumu pembeni, ambavyo hupokea mshtuko tunapotembea au kuruka. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, walieleza jinsi kisahani kinavyoweza kupasuka na kubana mzizi wa neva. Tangu hapo madaktari na wagonjwa wengi wamekuwa wakitafuta kisahani kibovu katika kila mgongo unaouma.

Kipimo cha MRI kilipoanza kuenea, likajitokeza jambo ambalo halikutazamiwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Watu 52 katika kila 100 walikuwa na angalau kisahani kimoja kilichotuna kupita mpaka wake. Mwaka 2015 mapitio ya uchunguzi 33 wa namna hiyo yalionyesha kwamba, miongoni mwa watu wasioumwa, dalili za kuchakaa kwa visahani huonekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mgongo nao huota mvi.

Kwa hiyo ile bahasha kubwa ya picha ambayo mgonjwa huibeba kwa uangalifu toka mkoa hadi mkoa humwambia daktari mpya machache kuliko mgonjwa anavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu 10 wenye maumivu ya kiuno, wapatao 9 hawana ugonjwa mahsusi wala kasoro ya umbo inayoweza kutajwa kuwa ndicho chanzo cha hakika.

Hata hivyo yuko yule wa kumi, na kazi ya kwanza ya daktari ni kumtafuta huyo. Katika nchi zetu haifai kukisahau kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alikieleza mwaka 1779. Vijidudu hula pingili polepole. Mgonjwa hupungua uzito, hupata homa na kutokwa na jasho usiku, na mwishowe mgongo huweza kupinda ukawa kibyongo. Bruselosi nayo, ambayo watu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, huleta homa na maumivu ya mgongo yanayofanana na mengine yote. Kijana anayeamka mgongo umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, kisha ukalegea kadiri anavyojongea, huenda ana ugonjwa wa kuvimba kwa maungio ya uti wa mgongo. Aliyewahi kuugua saratani, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, naye hana budi kuchunguzwa kwa makini zaidi. Iko pia hali isiyongoja miadi: ganzi ya makalio na sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, na miguu kupoteza nguvu. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, kwa sababu neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na zikichelewa kufunguliwa huenda zisipone.

Msomaji ataona kwamba karibu dalili zote hizi hujulikana kwanza kwa maswali, ndipo kipimo hufuata. Umri, homa, uzito, maziwa, asubuhi, mkojo: haya hayamo katika picha yoyote. Yamo katika maelezo ya mgonjwa.

KARATASI MOJA

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 baina ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Mwaka 2002 watafiti wa Uswisi wakatoa matokeo ya jaribio la kinyume chake: madaktari waliombwa wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wagonjwa 335 walisikilizwa hivyo, na kwa wastani walizungumza kwa sekunde 92 tu. Inasikitisha kwamba dakika moja na nusu ni anasa, lakini katika hospitali yenye foleni ndefu ndivyo ilivyo, na mgonjwa mwenye busara hujitayarisha kwa hali ilivyo.

Njia iliyo nyepesi ni kuandika karatasi moja kabla ya kwenda. Juu kabisa iandikwe sentensi inayotaja maumivu yalianza lini, yako wapi, na yamemzuia mgonjwa kufanya nini. Daktari hawezi kuona maumivu, lakini aweza kuelewa kwamba mwalimu aliyekuwa akisimama ubaoni vipindi vinne mfululizo sasa hawezi kumaliza viwili, au kwamba mama aliyekuwa akibeba ndoo ya lita 20 sasa hubeba ya 10. Kipimo cha kazi kama hiki husema zaidi kuliko neno "sana".

Kisha zifuate dawa. Jina la kila dawa, kipimo chake, ilitumika kwa muda gani, ilifaa au haikufaa, na kwa nini iliachwa. Sehemu hii haitaki haya. Dawa moja huuzwa madukani kwa majina mengi ya biashara, hata mgonjwa akameza diclofenac ya aina mbili bila kujua, akaongeza na ibuprofen ambayo ni ya jamii hiyo hiyo. Matokeo yake huweza kuwa vidonda vya tumbo au madhara ya figo. Dawa za miti shamba na kuchuliwa navyo viandikwe. Daktari anayekasirika kusikia habari hizo anajinyima ushahidi.

Mwenye kuhama aombe mapema muhtasari wa matibabu kutoka kwa daktari anayemwacha, wala asitegemee kwamba faili litamfuata. Daftari la hospitali linalopotea safarini hupotea na miaka yake yote, na daktari mpya huanza tena kwa vipimo na vidonge ambavyo vilikwisha kushindwa.

KWA NINI KILA DAKTARI MPYA HUONEKANA HODARI

Sasa tulitazame lile swali gumu. Tuseme mwalimu wetu huandika maumivu yake kila jioni kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kila mwisho wa juma anatafuta wastani. Kwa majuma matano anapata 4, 5, 3, 6 na 8. Juma la tano limemshinda, anakwenda kwa daktari mpya. Majuma matatu yanayofuata yanakuwa 5, 4 na 5. Mwalimu anafurahi: maumivu yameshuka toka 8 hadi karibu nusu yake! Anawasimulia wenzake, nao wanampeleka shangazi yao kwa daktari yule yule.

Lakini tufanye hesabu. Wastani wa majuma matano kabla ya kwenda ni 5.2. Wastani wa majuma matatu baada ya kwenda ni 4.7. Tofauti ni nusu alama tu. Kilichomdanganya mwalimu ni kulinganisha na siku mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo siku ambayo watu huenda kwa daktari mpya.

Francis Galton wa Uingereza aliliona jambo hili katika vimo vya watu. Mwaka 1886 alichapisha vipimo vya watoto 928 waliokwisha kukua, pamoja na vya wazazi wao. Wazazi warefu mno walikuwa na watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Na kwa wazazi wafupi mno ikawa kinyume chake. Kila kitu kinachopanda na kushuka chenyewe, kikipimwa wakati kimefika kileleni, kipimo kinachofuata kwa kawaida huwa karibu zaidi na wastani. Wanatakwimu huita hali hii mrejeo kwenye wastani. Maumivu sugu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe kwa majuma na miezi. Kwa hiyo daktari mpya, mkanda mpya, mafuta mapya ya kuchulia, vyote huonekana vimefaa katika mwezi wa kwanza. Kisha maumivu hupanda tena, mgonjwa husema daktari huyu naye kashindwa, safari huanza upya. Wako waliozunguka hivi miaka kumi, na kila kituo kimewagharimu fedha.

Dawa ya udanganyifu huu ni kuanza kuandika kabla ya kwenda, na kutomhukumu daktari kabla ya kupita muda unaolingana na ule ulioandikwa.

NI DAKTARI YUPI

Mgonjwa asiye na dalili za hatari halazimiki kuanzia kwa bingwa wa mifupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC na Bugando zipo kwa ajili ya wale wanaohitaji uchunguzi au upasuaji ambao hauwezekani chini, nao hufika huko kwa barua ya rufaa. Kwa walio wengi, daktari au tabibu wa karibu ambaye mgonjwa aweza kumwona tena na tena, akishirikiana na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, anafaa zaidi. Uchunguzi wa Norwe uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watu zaidi ya milioni 4, ulikuta kwamba waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, kwa robo hivi, kuliko waliokuwa naye mwaka mmoja au pungufu. Hapa mwalimu wa darasa asimame kidogo: uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba daktari wa zamani ndiye sababu.

Katika ziara ya kwanza, atazame kama daktari anauliza, anaugusa mgongo, anamwambia ainame, anapima nguvu za miguu na kugonga goti, kisha anampangia siku ya kurudi. Akiagizwa kipimo cha gharama, ni haki yake kuuliza kwa adabu: matokeo yake yatabadilisha nini katika matibabu? Anayeahidi kuondoa kabisa maumivu ya miaka sita kwa wiki moja aogopwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasisitiza kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yenye utaratibu, tiba za kisaikolojia, na dawa za jamii ya ibuprofen kwa uangalifu. Haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa za jamii ya afyuni. Kulala kitandani siku nyingi nako hakufai.

ZOEZI KWA DARASA

Gawanyeni wanafunzi wawili wawili, kila jozi na dado mbili. Kila mrusho ni juma moja, na jumla ya dado ni kiasi cha maumivu. Rusheni mara 60 na kuandika jumla zote kwa mfululizo. Kila ipatikanapo 10 au zaidi, wekeni alama: mgonjwa amekwenda kwa daktari mpya. Kisha hesabuni ni mara ngapi mrusho uliofuata alama hiyo ulikuwa chini ya 10. Kwa nadharia jibu liwe karibu na 30 katika kila 36. Dado hazikutibiwa na mtu. Jadilini: ni kumbukumbu gani, na za muda gani, zingehitajika ili kumtofautisha daktari aliyesaidia kweli na dado hizi?