Lori Linapovuma Nyuma: Sikiliza Kabla ya Kufungua Difu

Wasomaji wetu wa Membley na Ruiru mnajua jinsi lori linavyobeba maisha ya watu wengi. Mawe ya Ndarugu, mchanga, kokoto, maji: karibu kila nyumba inayoinuka hapa kwetu imepita kwanza juu ya ekseli ya nyuma ya lori la mtu. Somo letu la leo ni juu ya sauti moja ambayo madereva huiogopa, ule mvumo wa "mmmm" unaotoka nyuma gari likishika mwendo.

Sisi tulijifunza somo hili kwa lori la kikundi chetu cha akiba. Lilianza kuvuma likitoka Ndarugu na mzigo. Tukalipeleka gereji moja, na fundi, bila kuzunguka nalo hata kidogo, akasema difu imekufa, tununue nyingine kuukuu Nairobi. Pesa aliyotaja ilikuwa karibu akiba yetu yote. Mwekahazina wetu, mama ambaye hajawahi kushika spana, akamuuliza, "Kwani fundi, wewe umeisikia?" Hapo ndipo tulipoanza kusikiliza.

Mvumo wa nyuma waweza kutoka kwa tairi, beringi za magurudumu, propela au difu yenyewe. Anza na tairi, maana kuziangalia ni bure. Tairi iliyolika kwa mabonde mabonde huvuma kama difu mbovu kabisa. Ila sauti yake hubadilika barabara inapobadilika: ukitoka lami laini ukaingia lami yenye kokoto nje, mlio nao unageuka. Difu haijui uko kwenye lami gani.

Beringi ya gurudumu hujulikana kwenye kona. Ukikata kona ya kushoto, uzito unalalia upande wa kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku gurudumu la kulia. Tafadhali usifanye majaribio haya Thika Road katikati ya matatu. Tafuta alfajiri, barabara tupu, na lori bila mzigo. Kisha zuia tairi za mbele, inua nyuma kwa jeki, uzungushe gurudumu kwa mkono ukihisi kama linakwaruza. Na jambo ambalo limeumiza watu: usiegemeze ekseli juu ya jiwe la kujengea. Jiwe letu la Ndarugu ni zuri kwa ukuta lakini hupasuka ghafla. Tumia stendi za chuma au magogo mazito ya mbao.

Propela mara nyingi hutikisa gari kuliko kuvuma, na kros ikilegea utasikia "ka!" unapoondoka. Ishike kwa mikono uitikise, utajua.

Ikiwa yote hayo ni mazima, sasa uliza difu, na swali lenyewe unaliuliza kwa mguu. Ndani ya difu, pinioni ndiyo gia ndogo inayoletewa nguvu na propela. Krauni ni gia kubwa inayopeleka nguvu kwa magurudumu. Ukikanyaga mafuta, meno yanasukumana kwa upande mmoja. Ukiachilia, yanasukumana kwa upande wa pili. Kwa hiyo mlio unaokuja ukikanyaga na kunyamaza ukiachilia, au kinyume chake, mara nyingi ni wa meno. Lakini ukiendelea tu, ukanyage usikanyage, fikiria beringi. Pinioni huzunguka mara kadhaa kabla krauni haijamaliza mzunguko mmoja, ndiyo maana beringi yake hulia kwa sauti nyembamba kuliko ile ya gurudumu.

Yetu ililia hivyo, nyembamba, wakati wote. Tulifungua boliti ya kujazia oili gari likiwa limesimama sawasawa. Oili ilipaswa kufika kwenye mdomo wa tundu. Kidole hakikugusa kitu. Sili ya pinioni ilikuwa imepasuka, na oili imekuwa ikidondoka safari baada ya safari, sisi tukidhani ni vumbi lililoshika grisi. Wala hatukuwa wasafi upande wa mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, na sisi tulikuwa tukihesabu mawe kwa macho.

Tulijaza oili tukitumaini kelele itaisha. Haikuisha, kwa sababu oili hairudishi chuma kilicholika. Fundi wa pili alifungua mbele yetu. Beringi ya pinioni ilikuwa na vishimo kama ndui, lakini meno yalikuwa mazima bado. Tungaliendelea miezi michache zaidi, pinioni ingecheza na kula krauni, na hizo mbili hununuliwa pamoja kwa kuwa zimesagwa pamoja kiwandani. Ukichanganya pinioni ya huku na krauni ya kule, utanunua mvumo mpya.

Aliweka beringi na sili mpya, akapima kukaza kwake kwa kipimo cha kitabu cha gari: ikibana sana huungua, ikilegea hulia. Akapaka rangi kwenye meno, akazungusha, akaangalia alama ikae katikati ya jino. Oili ilikuwa ya difu iliyoandikwa GL-5, si ya injini, maana meno haya huteleza yakibanana na oili nyepesi hukamuliwa ikatoka. (Ukinunua lori kuukuu, mwaga oili uitazame. Kuna wajanja hutia unga wa mbao ili difu inyamaze siku ya kuuza tu.)

Baada ya wiki mbili tuliifungua boliti ya chini yenye sumaku. Tulikuta utelezi wa kijivu, laini kama jivu, hakuna kipande hata kimoja. Mwekahazina akaupangusa kwa kitambaa, fundi akakaza boliti, na lori likaondoka kwenda Ndarugu.