Nilivyochonga gita langu la kwanza la jazi

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya muziki barazani kwetu, Temeke. Tulikuwa watatu: mpiga saksofoni, mpiga ngoma, na mimi na gita langu la dukani, lile la uso bapa na tundu la duara. Spika ilipozimika, wenzangu waliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilibaki nikiona vidole vyangu vinatembea na sauti siisikii. Usiku ule nilimfikiria sana Freddie Green, aliyepiga gita katika bendi ya Count Basie tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1987. Alikaa katikati ya kelele za tarumbeta na tromboni bila kipaza sauti, akipiga mapigo yake manne, na bendi nzima ikitembea juu yake. Nilitaka gita la namna ile, na kwa kuwa kununua nisingeweza, niliamua kulitengeneza.

Ilinichukua miezi 14, Jumamosi kwa Jumamosi. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye patasi mkononi na hamu kama niliyokuwa nayo, asirudie makosa yangu.

Kwanza elewa tofauti, kwa sababu kila utakachofanya kinatoka hapo. Kwenye gita la kawaida nyuzi zimefungwa kwenye daraja lililogandishwa usoni, nazo hulivuta na kutaka kulibinua. Kwenye gita la jazi nyuzi zinapita juu ya daraja na kwenda kushikwa na mkia wa chuma au mti uliofungwa kwenye makalio ya gita. Daraja halina gundi. Linakandamizwa tu na nyuzi. Kwa hiyo uso lazima uwe na mgongo wa kubeba mzigo ule, na ndiyo sababu unachongwa uwe na mwinuko kama wa fidla. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alianza kuchonga magita na mandolini kwa mtindo huo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa L-5, iliyosimamiwa na Lloyd Loar, gita lenye matundu mawili ya umbo la herufi f. Baadaye John D'Angelico akatengeneza magita ya namna hiyo kwa mkono karakanani kwake New York, na leo watu wanayatafuta kama lulu. Sauti ya gita la namna hii haikai hewani muda mrefu. Inatoka kwa kishindo, inasema neno lake, inanyamaza, na ndiyo maana inapenya katikati ya vyombo vya kupuliza. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za Morogoro Jazz na Western Jazz tumelijua neno jazz kwenye majina ya bendi za dansi kabla ya kuujua muziki wenyewe wa Wamarekani, lakini gita la kusukuma mdundo tunalielewa vizuri sana.

Mbao. Uso nilitaka uwe sprusi, kwa sababu ni mti mwepesi na mgumu kwa pamoja, na sikupata mbadala wake hapa ninaoweza kuuamini. Niliagiza kutoka Ujerumani vipande viwili vyenye umbo la kabari, vinavyounganishwa katikati upande mnene kwa mnene. Mgongo na mbavu kwa desturi ni mepo. Mimi nilitumia mninga kutoka kwa wauza mbao wa Keko, na nautetea uamuzi huo mbele ya yeyote. Mninga ukishakauka hautikisiki: haujikunji wala haupanuki ovyo, na patasi inaupita bila kugombana nao. Shingo ni mkangazi wenye ukanda wa mninga katikati. Ubao wa vidole na daraja ni mpingo. Dunia nzima inaagiza mpingo kutoka kwetu kwa ajili ya klarineti na zumari za Ulaya, nami nilikuwa naupata kwa mchonga vinyago, vipande vilivyobaki. Vaa barakoa. Vumbi la mpingo na la mninga linawasha kifua, na halikuachii usiku ule ule.

Sasa jambo ambalo vitabu vya wazungu havitakuambia kwa uzito unaostahili: hewa yetu ya pwani. Mbao inayokaa Dar es Salaam inakunywa unyevu. Ukiigundisha ikiwa imevimba, kisha gita lipelekwe Dodoma, uso utasinyaa, na kwa kuwa umebanwa pande zote, utapasuka. Nilitengeneza kabati la plaiwudi, nikaweka balbu ya wati 60 ya aina ya zamani inayotoa joto, na kipima unyevu ukutani. Kila kipande kilikaa humo hadi kipimo kiliposimama kati ya asilimia 45 na 50 kwa wiki mbili. Kugundisha nilifanya siku kavu, asubuhi, na kazi ikarudi kabatini mara moja. Kabati hilo limelisaidia gita langu kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Mbavu sitakaa nazo sana. Unazipunguza kwa randa hadi milimita 2.3, unazilowesha kwa kitambaa, unazikunja taratibu juu ya bomba la chuma lenye moto ndani, kisha unazibana kwenye kalibu ya plaiwudi. Ukisikia zinalia, simama. Bomba likiwa na joto la kutosha, tone la maji linaruka juu yake.

Kuchonga ndiyo kazi yenyewe. Gita langu lina upana wa milimita 406 kwenye makalio. Mwinuko wa nje nilianza na bobari, ile patasi yenye mdomo wa mviringo, nikikata kwa kukingama na mistari ya mbao, kisha randa ndogo inayokaa kwenye vidole viwili, kisha kikwangulio. Karibu na ukingo, kama sentimita mbili na nusu kuelekea ndani, mwinuko unashuka na kuwa bonde jembamba linalozunguka uso wote kabla ya kupanda tena kidogo kukutana na mbavu. Bonde hilo ni kama bawaba. Uso mzima unapanda na kushuka juu yake, na ukiliacha nene gita litabaki linanong'ona.

Ndani unafuata unene. Vipimo vya kuanzia vinajulikana, na kitabu cha Robert Benedetto cha mwaka 1994 kimewafundisha wengi: karibu milimita 6 katikati, ukishuka hadi karibu 3 bondeni. Njia ya kufika huko ni hii. Chini ya mashine ya kutobolea unasimamisha kigingi cha mti chenye kichwa cha mviringo, unalaza uso ukiwa kifudifudi juu ya kigingi, na unafunga kizuizi ili ncha ya kekee isimame milimita 6 na nusu juu yake. Unatoboa mashimo mengi, mamia, kila eneo kwa kina chake, halafu unachonga mpaka mashimo yafutike. Shimo likitoweka, umefika.

Hapo ndipo nilipopoteza uso wangu wa kwanza. Mtetemo wa mashine ulilegeza kizuizi kidogo kidogo, nami nikaendelea kutoboa nikihesabu mashimo badala ya kupima. Jioni, nilipoanza kuchonga, mashimo ya katikati hayakutaka kufutika. Niliuinua uso nikautazama kwenye jua la saa kumi na moja. Sprusi ikiwa nyembamba inapitisha nuru kama ngozi ya sikio, rangi ya chungwa. Uso wangu ulikuwa na nyota kumi na mbili za chungwa pale ambapo daraja lingekaa. Zilibaki milimita mbili tu. Nilikaa chini sakafuni kwenye maranda ya mbao na sikuweza kusema na mtu hadi usiku.

Kwa hiyo pima kina cha kekee kila baada ya mashimo kumi. Na anza na mgongo kabla ya uso, jambo jingine nililokosea. Mninga nikiuharibu ninapanda daladala kwenda Keko. Sprusi nilisubiri miezi mitatu.

Fundi seremala mmoja mzee wa mtaani kwetu alikuja kuniona nikiwa katika hali ile. Aliushika uso ulioharibika kwa vidole viwili karibu na ukingo, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Mwanangu, usiutupe," akaniambia. "Huu ndio utakufundisha." Nikaufanya shamba la majaribio. Niliukwangua mahali, nikaugonga. Nikaukwangua tena, nikaugonga. Mwanzoni ulitoa sauti ya mlango, "tu", iliyofungwa. Nilipolipunguza bonde sauti ilifunguka ikawa na mlio unaoning'inia. Nilipozidi, mlio ukalegea, ukawa kama ngoma iliyolowa. Nimesikia kwa masikio yangu mpaka ulipo.

Uso wa pili nilipoufikia nilikuwa mtu mwingine. Vipimo vya michoro nilivitumia kama kibao cha barabarani, nikasimama milimita moja kabla, na baada ya hapo nilikwangua kwa sikio. Ubao wangu ulifunguka katikati ukiwa na milimita 5.6, na bondeni 3.2. Wako utafunguka kwingine. Mti uliochorewa mchoro ule ulikuwa mti mwingine, uliokua kwenye kilima kingine.

Matundu ya f yakate kwa msumeno mwembamba wa uzi, yamalizie kwa tupa ndogo na msasa uliokunjwa. Usiyakate kabla ya unene kukaribia mwisho, maana sauti inashuka yakishakatwa na utachanganyikiwa.

Mihimili ya ndani nilipanga kwa umbo la X. Lazima ikae kwenye mwinuko wa uso bila upenyo hata wa karatasi, na mzee yule ndiye aliyenipa dawa: chaki. Unapaka chaki ya shuleni ndani ya uso, unalaza mhimili, unausogeza unywele mmoja. Palipogusa panatoka peupe kwenye mhimili. Unachonga peupe tu. Unarudia. Mhimili wa kwanza nilirudia zaidi ya mara thelathini, na ulipotoka mweupe kutoka ncha hadi ncha nilijua gundi haitakuwa na kazi ya kuziba uongo. Ukitumia vibanio kuulazimisha mhimili usiokaa, unaufunga uso kwenye mvutano utakaodumu maisha yake yote.

Shingo ina hatari moja kubwa, nayo ni pembe. Laza rula ndefu juu ya ubao wa vidole. Ncha yake ifike mahali pa daraja ikiwa na urefu wa karibu milimita 25 juu ya uso. Ikifika chini ya hapo, daraja litakuwa fupi na nyuzi hazitaukandamiza uso vya kutosha. Niliiunga kwa kiungo cha mkia wa njiwa, nikijaribu na kukwangua siku tatu kabla ya gundi.

Freti ni hesabu. Urefu wa nyuzi, wangu milimita 635, unagawanywa kwa 17.817. Unapata 35.64, hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki unakigawanya tena kwa namba ile ile, na kuendelea. Freti ya 12 ikiangukia 317.5, nusu kamili, hesabu iko sawa. Pima zote kutoka kwenye nati, pale nyuzi zinapoanzia kichwani mwa shingo, kamwe usipime kutoka freti hadi freti, maana kosa dogo litazaa. Mpingo unalainika kwa uvumilivu tu: kata mikato michache, uache msumeno upoe.

Rangi nilipaka shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kwa kitambaa, matabaka mengi membamba. Nilianza wakati wa masika na ikatoka na ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Nikaifuta yote, nikasubiri Julai.

Daraja lilikuwa la mwisho. Miguu yake unaikalisha kwa kulaza msasa juu ya uso na kulisugua daraja mahali pake hasa hadi lifuate mwinuko. Mpingo ni mzito, kwa hiyo nililitoboa tumbo na kulikondesha kadiri nilivyothubutu. Nilifunga nyuzi za shaba, ya kwanza ikiwa na unene wa inchi 0.013, nikazikaza zote kidogo kidogo kwa siku nzima, nikiuangalia uso kwa rula kila saa.

Jumamosi iliyofuata tulikutana barazani tena. Safari hii spika hatukuiwasha makusudi. Nilipiga mapigo manne, taratibu, kodi ndogo za nyuzi tatu kama Freddie Green, na mpiga saksofoni akaingia kwa nguvu zake zote. Nilijisikia. Mke wangu alikuwa getini akinunua mboga, akaniambia baadaye kwamba alisikia gita kabla ya saksofoni.

Uzi wa tano bado unavuma kwenye freti ya tisa. Wiki hii nitaishusha freti ya kumi kwa tupa, kidogo sana, na mgongo wa gita la pili umeshaingia kabatini kwenye balbu.