Mwalimu Uendaye Dubai: Uliza Mshahara wa Msingi

Mwalimu wa Litein akipata kazi katika shule ya kibinafsi Dubai, swali la kwanza huwa ni dirham ngapi kwa mwezi. Halitoshi. Uliza pia ni kiasi gani kati ya hizo ni mshahara wa msingi, na kiasi gani ni marupurupu ya nyumba na usafiri.

Tofauti huonekana kazi inapokwisha. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu humpa mfanyakazi wa kigeni aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka, katika miaka 5 ya kwanza. Hesabu hiyo hufuata mshahara wa msingi pekee. Tuseme mkataba ni wa dirham 6,000. Msingi ukiwa 3,000, miaka miwili itakupa 4,200. Msingi ukiwa 5,000, utapata 7,000. Na kila mwezi ulikuwa ukipokea pesa zile zile!

NSSF nayo haikatwi huko. Ukitaka iendelee, changa mwenyewe kwa hiari.

Lakini linaloumiza watu hapa nyumbani ni mkopo wa Sacco. Ukitoka kwenye orodha ya malipo ya TSC, makato hukoma, deni halikomi. Usipolipa, Sacco itawageukia wadhamini wako, yaani walimu wenzako uliowaacha darasani. Kabla ya kusafiri, fika ofisini, chukua salio lako kwa maandishi na mkubaliane utakavyolipa kila mwezi ukiwa ng'ambo.