Vipandikizi vya Myasmini

1. Ua lisilo na mbegu

Watu wa pwani, tangu Lamu mpaka Unguja na Kilwa, hulipenda sana ua la yasmini, ambalo wengine huliita asumini. Ni ua dogo, jeupe, lenye harufu tamu. Hufunguka jua likichwa. Kwa hiyo wachumaji huyachuma maua alasiri yakiwa yamefumba bado, yapate kufunguka usiku nyumbani. Wanawake huyatunga kwa uzi na kuyavaa nyweleni, au huyachanganya na rehani wakafanya vikuba, hasa siku za arusi.

Asili ya mmea huu si Afrika. Ulitoka Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo, ukavushwa bahari, na hata jina lake latoka katika lugha ya Kiajemi. Tena una jambo la kustaajabisha: miyasmini ya bustanini haizai mbegu ila kwa nadra sana. Basi ulifikaje katika nyua nyingi hivi? Mtu alikata tawi akampa mwenziwe, naye akalipanda. Hata huyo naye akampa mwingine. Watu wakiacha kazi hiyo, myasmini mkongwe ukifa hauachi kitu nyuma yake.

2. Ukuta uliopasuka

Katika mji mmoja karibu na Pangani palikuwa na bibi kizee aliyekuwa na myasmini ukutani kwake. Tawi la kwanza alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alikuwa amekwisha kufa zamani. Bibi huyo alikuwa akikaa na mjukuu wake, mvulana wa darasa la tano.

Mwaka mmoja mvua za masika zilikuwa kubwa, ukuta ukapasuka toka juu hata chini. Fundi akaja, akautazama, akasema, "Bibi, ukuta huu hauna budi kubomolewa, na msingi wake kuchimbwa upya. Mti huu utang'olewa. Nitakuja baada ya miezi mitatu."

Bibi hakujibu neno. Jioni ile hakuchuma maua.

Mvulana akamwambia, "Usihuzunike, bibi. Mimi nitaupanda mwingine. Kwani ni kazi gani? Muhogo twaupanda kila mwaka."

Siku ya pili akakata matawi kumi na mawili, marefu kama mkono wake, pamoja na majani yake yote. Akayachomeka shambani penye jua, kama apandavyo muhogo, akayamwagia maji mengi. Siku ya tatu majani yalilegea. Mvulana akang'oa tawi moja atazame kama limetoa mizizi, akalirudisha. Kesho yake akang'oa jingine. Siku ya nane yote yalikuwa yamekauka.

3. Shauri la mzee

Hapo mvulana akaenda kwa mzee mmoja mtunza bustani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Mvulana akamweleza yote. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Muhogo ulikudanganya. Kipande cha muhogo ni kinene, nacho kina akiba ya chakula ndani yake. Tena hukipandi na majani. Kitawi cha myasmini ni chembamba, akiba yake ni haba. Wewe umekiachia majani mengi juani. Kila jani hutoa maji hewani mchana kutwa, na chini hapana mizizi ya kunywa mengine. Ni kama mtungi uliotoboka, wala hapana wa kuutia maji. Njoo nikuonyeshe."

4. Jinsi ya kukata na kupanda

Mzee alichagua matawi yaliyokomaa kiasi. Ncha laini za kijani hakuzitaka, maana huoza upesi. Wala matawi ya zamani yenye ganda gumu, maana hayo huchelewa kutoa mizizi. Akayakata asubuhi mapema, wakati yamejaa maji, kwa kisu kikali kilichooshwa. Kisu butu huponda tawi, na palipopondwa huingia uozo.

Kila kipandikizi kilikuwa na urefu wa inchi 5 au 6, na vifundo vinne. Kifundo ni pale majani yatokeapo. Upande wa chini alikata sawasawa, chini kidogo ya kifundo. Upande wa juu alikata mshazari. Mvulana akauliza, "Kwa nini mshazari, babu?"

"Ili usisahau upi ni juu na upi ni chini. Machipukizi hutengeneza kitu kinachoamsha mizizi, nacho husafiri katika tawi kwenda upande wa chini. Ukilipanda tawi kichwa chini, umeharibu safari hiyo."

Kisha akaondoa majani yote ya chini, akaacha mawili ya juu tu, nayo akayakata nusu. Akatwaa debe kuukuu lililotobolewa matundu chini, akalijaza mchanga na udongo mweusi wa majani yaliyooza, nusu kwa nusu. Samadi hakutia, maana kidonda kibichi hakitaki samadi. Akatoboa mashimo kwa kijiti, akaingiza vipandikizi hata vifundo viwili vikawa ndani ya udongo, akaushindilia kwa vidole. Debe akaliweka chini ya kichanja cha makuti.

"Nyunyiza maji kidogo kila asubuhi kwa kifuu," alisema. "Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Na mkono wako uuzuie. Mizizi ya kwanza ni laini kuliko uzi. Uking'oa kutazama, umeikata."

5. Kungoja

Vipandikizi vilikuwa ishirini. Majuma mawili yakapita, na mvulana hakuona kitu. Lakini chini ya udongo kazi ilikuwa ikiendelea: kwanza kidonda hufunga kovu, kisha mizizi hutokea karibu na kovu hilo na penye vifundo. Katika juma la tatu sita vilikuwa vyeusi; akavitoa asiambukize vingine. Katika juma la sita baadhi vilitoa machipukizi mabichi, na machipukizi hayo yakakua. Hiyo ndiyo dalili njema. Vilivyoshika vilikuwa tisa.

Mzee akamfundisha kuvizoeza jua kidogo kidogo: kwanza jua la asubuhi tu, kisha la nusu ya siku.

Miezi mitatu ilipotimia fundi akaja na watu wake. Ukuta ukabomolewa, na myasmini mkongwe ukang'olewa. Bibi alisimama akitazama hata ukaondolewa.

Mvua za vuli zilipoanza, mvulana akachimba mashimo ya futi moja na nusu, akatia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, akapanda miche mitatu kando ya ukuta mpya. Sita iliyobaki bibi aliwagawia jirani zake.

6. Ni mmea ule ule

Mche utokao katika mbegu una baba na mama, nao waweza kuwa tofauti nao. Kipandikizi si mtoto wa mmea. Ni mmea wenyewe unaoendelea kuishi mahali pengine. Kwa hiyo ua lake huwa kama lile la kwanza, rangi na harufu.

Mwaka uliofuata, jioni moja, mvulana alimletea bibi yake maua matano katika kiganja. Bibi akayanusa, akanyamaza, kisha akasema, "Ndio ule ule wa mama."

Tangu siku hiyo, kila mche wa jirani ulipokua, bibi alikwenda kuwakumbusha: wakate na wao, wawape wengine.

Maswali

1. Kwa nini matawi ya kwanza ya mvulana yalikauka? Taja makosa matatu.
2. Muhogo na myasmini hutofautianaje katika kupandwa?
3. Kwa nini majani mawili ya juu hukatwa nusu?
4. Eleza tofauti ya mche wa mbegu na mche wa kipandikizi.
5. Kwa nini bibi aliwagawia jirani miche sita?

Kazi: Pandeni vipandikizi kumi vya mti wa maua ulio karibu na skuli, vitano kivulini na vitano juani. Andikeni kila juma mnayoyaona.