Somo: Hesabu Ghala Kabla ya Kuahidi

Ndugu wafanyakazi,

Hapa New Site, Juba, mteja akiuliza, "Saruji yangu lini?" tusijibu kwa kutazama daftari peke yake. Kwanza twende ghalani tukahesabu.

Tuseme daftari linaonyesha mifuko 200. Mifuko 15 imeganda kwa unyevu, na 60 wamekwisha ahidiwa wengine. Imebaki 125. Mteja akitaka 150, leo tumwahidi 125 tu. Saruji iliyo njiani kutoka Tororo, Uganda, haihesabiwi mpaka ipite Nimule, imalize kilomita 192 na kushushwa hapa.

Tarehe ikivunjika, lawama humwangukia karani na dereva, pengine hata mshahara ukakatwa. Kwa hiyo tudai hesabu iandikwe na kutiwa sahihi kwanza. Ahadi ni deni. Tusilipishwe deni la wengine.