Kijana Asiyesema Darasani Asaidiweje?

Mshauri nasaha wa vijana anajibu maswali ya wazazi na walimu wa Jadida, Wete.

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili anajua somo, lakini nikimuuliza hujiinamia. Ni mkaidi?

Sidhani, mwalimu. Mara nyingi hiyo ni hofu. Moyoni anajiambia, "Nikikosea Kiingereza watanicheka," na mwili unaitika: moyo unamwenda mbio, koo linakauka, maneno yanapotea. Akinyamaza anapata nafuu papo hapo, ndiyo maana kesho atanyamaza tena. Ukimgombeza mbele ya wenzake, unamthibitishia alichokuwa akikiogopa.

Tiba ya saikolojia inamsaidiaje?

Tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck miaka ya 1960, hushughulikia mawazo na vitendo kwa pamoja. Kijana huandika anachokihofia na kukipa alama, kuanzia 0 hadi 10. Kisha huanza na dogo: kumsomea mwenzake wa dawati sentensi mbili. Akizoea, hujibu katika kikundi cha watu wanne, halafu huuliza swali moja darasani, mwisho husimama mbele kwa dakika moja. Kila hatua hurudiwa mpaka alama za hofu zishuke. Baadaye tunamuuliza: "Ulidhani wangapi watakucheka? Wamecheka wangapi?" Jibu analolitoa mwenyewe humwingia kuliko nasaha zetu.

Hatutawafundisha watoto utovu wa adabu?

La hasha. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, si maradhi, na hatuwaambii waiache. Tunawafundisha kueleza jambo, hisia, kisha ombi: "Baba, wiki ijayo nina mtihani na nina wasiwasi. Naomba nidurusu kwanza, kisha nije tuanike karafuu." Haja imesemwa, na heshima ya baba iko pale pale. Nanyi wazazi, msikilizeni mpaka amalize. Kijana anayekatizwa kauli kila siku nyumbani huzoea kunyamaza.

Wataalamu ni wachache. Skuli ifanye nini?

Tujifunze kwa jirani zetu wa Kenya. Katika utafiti wa mpango wa Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021, walishiriki wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vijana waliomaliza sekondari karibuni walipewa mafunzo, wakaongoza vikundi kwa wiki nne. Dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Utafiti ule haukupima ufasaha wa kuzungumza, lakini umeonesha kwamba mtu asiye daktari, akifundishwa na kusimamiwa vizuri, anaweza kumpunguzia kijana wasiwasi.

Mwalimu mmoja mwenye subira anaweza kuanzisha kikundi kama hicho. Ajue pia mpaka wake: kijana akiacha kuzungumza hata na watu wa nyumbani, akikosa usingizi au hamu ya kula kwa siku nyingi, apelekwe hospitali. Akitaja kujidhuru, msimwache peke yake na msingoje kesho. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.